Nani Alimpima Fundi?

Mafundi mlio humu ukumbini mmeacha saiti leo. Anayeijua kazi yetu anajua kwamba fundi akiacha saiti siku moja ameacha na hela ya siku hiyo, na nyumbani watoto watakula vilevile. Kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nilikuwa na miaka 22, saidia fundi katika jengo moja la ghorofa Dar es Salaam. Tulikuwa tunamwaga nguzo za ghorofa ya kwanza, saa nane mchana, jua limesimama utosini. Zege lilichanganywa kwa koleo chini, likapandishwa kwa ndoo, mtu kwa mtu, kwenye ngazi ya mirunda. Kufika juu lilikuwa limeanza kukaza. Foromani akaona kasi imepungua, akapaza sauti: "Ongezeni maji, liteleze!" Ndoo ya maji ilikuwa mkononi mwangu. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza kwamba zege la nguzo likae kama ugali, lisiwe uji. Nilikumbuka maneno yake, nikamimina. Ndoo ya kwanza, kisha ya pili.

Tulipovua mbao, nguzo ya tatu kutoka kona ilikuwa na matundu kama sega la nyuki, na kwenye tundu moja nondo ilikuwa ikichungulia. Foromani aliniita pembeni: "Piga plasta hapo kabla mhandisi hajaja." Nikapiga plasta. Nakumbuka ilikuwa plasta nzuri, imenyooka, na jioni ile nilisifiwa.

Nimefundisha uashi kwa miaka mingi baada ya hapo, nikawa mpimaji wa mafundi wanaotafuta vyeti, na swali ninalowaletea leo limetoka kwenye nguzo ile. Nilijua kwamba tunakosea. Nilinyamaza kwa sababu kwenye daftari la saiti ile sikuwa hata na jina; niliandikwa "Saidia 14". Mtu wa namna hiyo akimwambia foromani kwamba maji yamezidi, anasema kwa mamlaka gani? Tunapozungumza habari ya kumpa fundi cheti, wengi wanafikiria mshahara, na wana haki. Mimi nafikiria pia ile ndoo ya maji.

Niseme kidogo juu ya maji, maana hapo ndipo watu wengi wanapodhani sisi wa zege tunabishana juu ya vitu vidogo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji maji kama robo ya uzito wake tu ili saruji iungane na kuwa jiwe, yaani lita 12 na kitu. Mengine tunayoongeza ni ya kulainisha, ili zege lishindilike na kuingia katikati ya nondo. Ukifika lita 25 kwa mfuko bado uko mahali pazuri. Ukifika 35 au 40, yale maji ya ziada hayana kazi. Yanakaa ndani ya zege, yanakauka, yanaacha vijitundu na njia nyembamba usizoziona kwa macho. Jambo hili lilipimwa na kuandikwa vizuri na Duff Abrams, kule Chicago, mwaka 1918: maji yakizidi saruji, nguvu inashuka. Zaidi ya miaka 100 imepita, na kila siku kuna saiti katika nchi yetu ambako maji yanapimwa kwa macho ya mtu aliyechoka.

Ubaya ni kwamba zege bovu halijitangazi. Ugali ukiwa mbichi unaujua kwenye tonge la kwanza. Zege linapimwa nguvu siku ya 28, na saiti nyingi za watu binafsi hazipimi kabisa. Ukishapiga plasta na rangi, nguzo nzuri na nguzo mbovu ni mapacha. Mwenye nyumba hataijua tofauti, wala mpangaji, wala mtoto atakayelala chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, linaloshikiliwa na nguzo hiyo. Wanaoijua ni wale waliokuwepo siku ya kumwaga: msuka nondo, mchanganyaji, aliyebeba ndoo.

Sasa tazameni tulivyopanga ulinzi wetu. Mkandarasi anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa sheria ya mwaka 1997, na anapangwa daraja kuanzia la kwanza hadi la saba. Mhandisi ana bodi yake, nayo ya sheria ya mwaka huohuo. Mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wana yao. Fundi anayefunga umeme ndani ya nyumba anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na ni sawa kabisa, maana waya mmoja mbovu unaunguza familia. Lakini anayesuka nondo za jamvi ambalo juu yake watalala watu 40? Anayepanga mirunda ya kushikilia zege bichi? Huyo anaajiriwa saa moja asubuhi, kwa kuangaliwa mikono na mwiko alioushika. Hakuna anayemuuliza nani alimpima.

Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka. Watu 36 walikufa. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo likaporomoka Kariakoo, likiwa na watu na biashara zao ndani, wakafa zaidi ya 20, na nchi nzima ilikaa ikisikiliza habari za waliokuwa wakipiga simu kutoka chini ya kifusi. Sisemi kwamba misiba ile ilitoka mkononi mwa mwashi. Kuongeza ghorofa au kuchimba chini ya jengo si maamuzi yetu. Tunaambiwa chimba, tunachimba. Ninachosema ni kwamba katika kila jengo linalougua, mtu wa kwanza kuuona ugonjwa huwa ni kibarua, na mtu wa mwisho kuulizwa huwa ni huyohuyo.

Lugha yetu ilikuwa na maoni yake juu ya hili kabla bodi hazijakuwepo. Fundi, funda, funza, fundisha, mafunzo: ni ukoo mmoja. Waliotuachia neno hili hawakumwita mtu fundi kwa ajili ya nguvu za mikono. Fundi ni aliyefundwa, na palipo na kufundwa pana aliyefunda na pana siku ya kusema huyu sasa amefuzu. Zamani siku hiyo ilijulikana. Mwanafunzi alikaa na mzee miaka mitano, saba, mpaka mzee alipomwachia kona ajenge peke yake mbele ya watu. Mji wote ukajua. Shida ya leo ni kwamba mji umekuwa mkubwa. Fundi aliyefuzu Tandahimba akishuka Mbagala, hakuna mtu wa kusema huyu nilimwona akijenga.

Wazee humu ndani wanakumbuka majaribio ya gredi: gredi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Fundi wa gredi ya kwanza alikuwa mtu mzito; akiingia saiti, hata foromani alivaa kofia vizuri. Ilipoanzishwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa sheria ya mwaka 1994, mafunzo yakapangwa upya, na baadaye gredi zikaacha nafasi kwa vyeti vya ngazi vinavyoangalia mtu anaweza kufanya nini. Kisha, kwenye miaka ya kwanza ya muongo wa 2010, VETA kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani wakaanza jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote: kumpima aliyejifunza mtaani bila kumrudisha darasani, na akifaa, apewe cheti. Mtaani tunaita kurasimisha ujuzi. Serikali imeendelea kuugharamia mpango huo kwa makundi ya mafundi, nami nimekuwa miongoni mwa wapimaji. Naomba niwapeleke siku moja ya kazi hiyo.

Tulimkuta fundi wa miaka hamsini na kitu nje kidogo ya Kibaha, anajenga nyumba ya vyumba vitatu. Elimu yake darasa la nne. Tukamwomba aseti kona ya chumba tukimtazama. Akavuta kamba ya ukuta wa kwanza, akagonga msumari. Akapima mita 3 kutoka konani, akafunga uzi mwekundu kwenye kamba. Upande wa pili akapima mita 4, akafunga uzi mwingine. Akamwita saidia wake washike futi kutoka uzi hadi uzi. Ikasoma mita 5 na sentimita 2. Hakusema neno. Akaenda kwenye kigingi, akakisogeza upana wa kidole, akarudi, akapima tena. "Tano imekubali," akasema, na hapo tu ndipo alipoinua macho. Alipomaliza kona zote nne akapima ulalo, kona hadi kona, huku na huku, mpaka vipimo viwili vikalingana. Usawa wa msingi akauchukua kwa mpira wa maji, ule wa plastiki unaoonyesha ndani, akingoja maji yatulie kama mtu anayengoja mtoto asinzie.

Fomu yetu ilikuwa na swali: "Eleza kanuni inayotumika kupata pembe mraba." Alijibu: "Tatu, nne, tano." Mwenzangu, kijana msomi na mwema, alikuwa anangoja jina la Pythagoras. Swali la pili: "Taja uwiano wa zege la jamvi." Akajibu: "Mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto." Mwenzangu akaanza kuweka mkasi. Fomu ilitaka moja kwa mbili kwa nne.

Nikamshika mkono. Tukakaa juu ya matofali tukapiga hesabu. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Mchanga mara mbili yake ni lita 70, kokoto mara nne ni lita 140. Ndoo ya saiti ni lita 20. Sabini gawa kwa ishirini ni tatu na nusu. Mia na arobaini gawa kwa ishirini ni saba. Yule mzee alikuwa ametupa jibu lililo sahihi kuliko la kwenye fomu, kwa sababu jibu lake linaweza kubebwa na saidia mwenye ndoo, na letu haliwezi. Kijana akafuta mkasi, akaweka vyema. Baadaye alikuja kuwa mpimaji bora kuliko mimi.

Ila sikilizeni na upande wa pili, maana kumpima mtu si kumbembeleza. Tulipofika kwenye nondo, mzee alituangusha. Ringi, yaani vyuma vinavyozungushia nondo za nguzo, alizifunga kwa nafasi moja kutoka chini hadi juu, hakujua kwamba karibu na maungio ya nguzo na boriti ringi hukazwa zikawa karibu karibu. Nondo za msingi alizilaza juu ya udongo, bila kitu cha kuzinyanyua, kwa hiyo zege lisingepita chini yake. Kule kwetu Pwani, ambako chumvi iko mpaka kwenye upepo, nondo isiyofunikwa na zege la kutosha inaanza kuliwa na kutu mapema, kutu inavimba, inapasua zege kutoka ndani. Tukamwambia waziwazi: hapa hujafaulu. Akapewa siku chache za kujazia alichokosa, akafundishwa na msuka nondo mwenzake aliye mdogo kwake kwa miaka 20, akapimwa tena. Ukinikuta kwenye daladala ukaniuliza kurasimisha ujuzi maana yake nini, nitakusimulia siku ile ya Kibaha, yaani kona zilizokubali tano na ringi zilizokataa.

Kuna mambo katika upimaji wetu ambayo lazima tuyarekebishe. La kwanza ni lugha. Mafundi wetu wanafanya kazi kwa Kiswahili tangu asubuhi mpaka jioni, wanatukanana na kusuluhishana kwa Kiswahili, lakini michoro ya saiti inaandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo tumekuwa tukimwona fundi asiyesoma maandishi ya kwenye ramani kana kwamba hajui ramani. Mpe ramani ileile yenye maandishi ya Kiswahili, au mwondolee maandishi ubakize mistari na namba, uone atakavyokuonyesha dirisha liko wapi na boriti inapita wapi. Kusoma mchoro ni sehemu ya ufundi na lazima kupimwe. Kiingereza kipimwe mahali pengine.

La pili ni gharama, nami sioni haya kulisema mbele ya viongozi. Ada ni ndogo ukiilinganisha na ada ya chuo. Lakini fundi asiye kwenye makundi yanayogharamiwa na Serikali analipa ada, nauli, na siku za kazi alizozikosa, na wakati huo mwenye nyumba anaweza kumleta mtu mwingine. Waajiri katika nchi hii wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na sehemu ya fedha hiyo ndiyo inayoendesha mafunzo ya ufundi. Fundi aliyejifunza mtaani hakugusa hata shilingi ya tozo hiyo alipokuwa akijifunza. Alijifundisha kwa jasho lake na kwa matofali yaliyomwangukia vidoleni. Haki ni kwamba siku ya kupimwa asilipe kitu, na mpimaji amfuate saiti, si yeye kumfuata mpimaji mjini.

La tatu linaniuma kwa namna nyingine. Tunapoandika viwango vya uashi, tunaandika uashi wa saruji, tofali na nondo. Tarehe 25 Desemba 2020, pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Sina nafasi ya kuhukumu sababu. Nataka tu mfikirie ni fundi wa namna gani anayehitajika kuponya ukuta wa mawe ya tumbawe uliounganishwa kwa chokaa. Chokaa inachomwa, inazimwa, inalowekwa muda mrefu kabla ya kutumika. Inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukiupaka ukuta ule saruji, umeuziba pua: maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya, ukuta unamomonyoka nyuma ya plasta inayong'aa. Lamu na Unguja bado wapo wazee wanaoijua chokaa kwa kuinusa na kuishika. Fundi huyo akija mbele ya fomu zetu atapimwa kwa kitu gani? Atashindwa maswali ya nondo, ataondoka bila cheti, na mkandarasi atakayepewa kazi ya kukarabati jumba la kale ataleta vijana wenye vyeti halali na mifuko ya saruji. Nawaomba wenzetu wa Bara na wa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kule Zanzibar wakae na wazee hao, waandike kiwango cha fundi wa chokaa, tena kiandikwe wazee wenyewe wakisema. Kila mwaka unaopita tunazika mmoja.

Sasa cheti kikishapatikana, kinanunua nini? Nimewauliza mafundi wengi niliowapima, na jibu linalorudi ni kwamba wamekihifadhi vizuri. Kimewekwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto na hati ya kiwanja. Nashukuru kwamba wanakithamini, ila cheti kinachokaa sandukuni hakijafanya kazi. Wenzetu wa Kenya walichukua njia nyingine. Wana majaribio ya gredi mpaka leo, na mwaka 2011 walipounda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, sheria iliipa kazi ya kuwatambua na kuwasajili mafundi stadi na wasimamizi wa saiti, si wakandarasi peke yao. Mwaka 2024 wakazindua sera yao ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Sisemi kwamba majengo ya Nairobi hayaanguki, yanaanguka, tunasikia. Ila pale mkaguzi akiingia saiti, sheria inamruhusu aulize habari za msuka nondo. Kwetu mkaguzi anauliza habari za kampuni.

Na nafasi ya kuanzia tunayo, wala haihitaji sheria mpya. Mwishoni mwa 2021, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, nchi hii ilijenga madarasa 15,000 ndani ya miezi michache, na kazi kubwa ilifanywa na mafundi wa palepale vijijini, chini ya mfumo tunaouita fosi akaunti, yaani fundi kuajiriwa moja kwa moja bila mkandarasi. Kamati ya shule, yenye mkulima, mwalimu mkuu na mama muuza duka, ndiyo iliyochagua fundi. Waliangalia nini? Waliangalia nyumba alizojenga, ukoo wake, na bei. Hayo si mabaya. Nyumba alizojenga ni ushahidi mzuri. Lakini halmashauri ingesema tu kwamba fundi mkuu wa darasa awe amepimwa, na kwamba asiyepimwa apimwe akiwa hapohapo kazini, tungekuwa tumewapima maelfu ya mafundi kwa mradi mmoja, na darasa lenyewe likawa mtihani.

Wapo wanaoniambia: mzee, ukifanya cheti kuwa sharti utafungua duka la vyeti. Hofu hiyo naiheshimu. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulikuta zaidi ya 9,900 vya kughushi, na hao walikuwa watu wa ofisini wenye faili. Na wanaosema cheti kitakuwa geti la kumfungia nje maskini, nao nawasikia. Ndiyo maana nasisitiza mtihani ufanyike saiti, mbele ya macho ya mafundi wengine. Cheti cha hesabu unaweza kukighushi usiku. Ukiwekewa kamba na futi mbele ya mafundi sita, kona yako ama inakubali ama inakataa, na wale sita watasimulia mtaani. Wapimaji wawe wawili, mmoja mwalimu, mmoja fundi anayekula kwa kazi hiyo. Na cheti kiseme mtu anaweza nini hasa: kupanga tofali, kuseti msingi, kusuka nondo, kumwaga zege. Kuandika "uashi" peke yake ni kama kuandika "dawa" kwenye chupa.

Tusiwasahau walio chini ya fundi. Kwenye saiti nyingi za miji yetu wanaobeba ndoo za zege kichwani kupanda ngazi ni wanawake. Nimewaona mama zetu wakipanda mara 100 kwa siku. Wengine wamekaa kwenye zege miaka 10, na wanajua kwa uzito wa ndoo kama kokoto imepungua. Hakuna ngazi inayowatoa kwenye ndoo kwenda kwenye mwiko. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi hili zege nalijua kwa shingo." Nilimwandikia jina nikamwahidi kumrudia na fomu ya mchanganyaji zege. Fomu hiyo haikuwepo. Bado naidai.

Nirudi kwenye ndoo yangu ya maji, kisha niwaache. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 167 wa mwaka 1988 kuhusu usalama na afya kwenye ujenzi. Humo mfanyakazi anatambuliwa haki ya kujiondoa mahali anapoona hatari ya karibu kwa maisha yake. Ni haki nzuri. Jukwaa likiyumba, shuka, usisubiri. Lakini siku ile kwenye nguzo ya tatu mimi sikuwa hatarini. Jukwaa langu lilikuwa imara. Aliyekuwa hatarini alikuwa mtu ambaye hajahamia bado, labda hajazaliwa. Kwa ajili ya huyo, nani anamlinda kibarua anayekataa kumimina?

Ninachokiomba ni hiki: fundi akishapimwa na kupewa cheti cha kumwaga zege, cheti hicho kimpe neno. Akisema mchanganyiko huu simwagi, kazi isimame mpaka mhandisi aje aangalie, na asifukuzwe kwa kusema. Jina lake liandikwe kwenye daftari la saiti siku ya kumwaga, na sahihi yake ikae chini ya ile ya msimamizi. Atakuwa amebeba lawama zege likiharibika, ndiyo. Mafundi niliowauliza wamesema wako tayari kubeba lawama hiyo kama watabeba na neno.

Tangu miaka michache iliyopita, nikimaliza kumpima mtu, kona imekaa, ringi zimehesabiwa, huwa namuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu: umewahi kukataa kumwaga zege? Wengi hucheka kidogo wakatazama chini. Mwezi uliopita kijana mmoja hakucheka. Aliweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Niliwahi," akasema. "Mara moja. Kokoto ilikuwa na udongo mwingi."

"Ikawaje?"

"Nilifukuzwa saa ileile. Hela ya siku sikupewa."

Nilitafuta kwenye fomu mahali pa kuliandika hilo, sikupata. Nikaliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, nikatia sahihi.